Ungo wa Kila Dini: Kusikiliza Ushuhuda wa Aliyekutana na Mungu



Nilipopewa mada hii niliombwa nieleze jinsi watu wa dini mbalimbali wanavyokutana na Mungu. Nilijaribu kwa wiki tatu nikashindwa. Kila nilipopanga ushuhuda wa Mwislamu, wa Mkristo na wa Mhindu, nilijikuta nimepanga mafungu ya nyanya sokoni: yanapendeza machoni, lakini mnunuzi hajui aanzie wapi. Kwa hiyo nitasema jambo dogo zaidi. Nitazungumzia ungo.

Kila dini iliyodumu ina ungo wake wa kupepetea yale ambayo waumini wake wanasema wameyaona, wameyasikia au wameyaota. Katika vikao kama hiki tumezoea kulinganisha mchele: huyu kaona nuru, yule kasikia sauti, basi tunafanana, tupige makofi. Naomba leo tuutazame ungo wenyewe, na mkono unaoushika.

Kwanza nizungumzie maneno. Mapadri wetu husema mang'amuzi. Waliookoka husema kuguswa. Masheikh wa tarika wana ngazi nzima ya istilahi: hali, kashfu, ilhamu, karama. Bibi yangu wa Pangani, ambaye hakusoma zaidi ya chuoni, alisema tu, "Nimeonyeshwa." Kuguswa, kuonyeshwa, kuitwa, kujaliwa, hata kupagawa: Kiswahili kimeyaweka yote katika kauli ya kutendwa. Mwanafalsafa wa Marekani William James, katika mihadhara yake ya Edinburgh ya mwaka 1901 na 1902, alitaja alama nne za hali hizi: hazielezeki kwa maneno, humwachia mtu hisia ya kujua jambo, hazidumu, na mhusika huhisi amechukuliwa na nguvu isiyo yake. Hiyo ya nne wazee wetu walikwishaiweka kwenye kitenzi. Na aliyetendwa ni shahidi, ila hawezi pia kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Twende Kibeho, kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981, wakati wa chakula cha mchana, mwanafunzi mmoja wa shule ya wasichana, Alphonsine Mumureke, mwenye umri wa miaka 16, alisikia sauti ikimwita. Akatoka bwaloni, na ukumbini nje akamwona mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni Nyina wa Jambo. (Sisi Waswahili tusiteleze hapo. Jambo kwa Kinyarwanda ni neno, kwa hiyo jina hilo maana yake ni Mama wa Neno, lile Neno linalofungua Injili ya Yohana.) Bibi huyo alizungumza Kinyarwanda, na msichana alimwita Mama. Sioni cha kushangaza hapo. Kinachomjia mtu humjia kwa lugha aliyonyonya, na ndiyo maana sijawahi kusikia bibi wa Pangani aliyetokewa na Krishna, wala mzee wa Gujarat aliyetokewa na Bikira Maria.

Shule haikumpokea Alphonsine kwa vigelegele. Wenzake walimcheka. Walimu walishuku kuwa anatafuta sifa au ana maradhi. Alipokuwa katika hali ile walimchoma kwa vitu vyenye ncha na kumsogezea moto wa kiberiti, waone kama atashtuka. Miongoni mwa waliomdhihaki zaidi alikuwa Marie Claire Mukangango. Januari 1982 mwanafunzi mwingine, Nathalie Mukamazimpaka, akasema naye ameona. Machi ya mwaka huohuo akafuata Marie Claire mwenyewe, yule mdhihaki.

Habari zikasambaa, watu wakaja kwa maelfu, na wengine wengi wakajitokeza kusema nao wanatokewa. Askofu hakukubali wala hakukataa. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya madaktari na moja ya wanateolojia. Mwaka 1988 ibada ya hadhara iliruhusiwa mahali pale bila hukumu kutolewa juu ya maono yenyewe. Hukumu ilikuja tarehe 29 Juni 2001, kutoka kwa Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, na katika kundi lote lile walitambuliwa watatu tu: Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Marie Claire hakuusikia uamuzi huo, kwani alikufa mwaka 1995. Katikati ya miaka hiyo yalipita mauaji ya kimbari ya 1994, na kanisa la Kibeho lenyewe lilikuwa mojawapo ya machinjio.

Karibu miaka 20! Nikiwaza subira hiyo, mimi Mwislamu, huona kitu ambacho dini yangu inakijua kwa jina jingine. Tume hazikushughulika sana na rangi ya vazi la yule Mama. Ziliuliza kama msichana ni mzima wa akili, kama anafaidika kwa fedha, kama anayosema yanapingana na imani inayojulikana, na kama maisha ya waliomsikia yamebadilika kuwa mema. Anayejua habari za wanazuoni wetu na ndoto atayatambua maswali hayo.

Kwani kwetu ndoto nayo ina ungo. Tunafundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu: ya kheri itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kutia huzuni itokayo kwa shetani, na ile ambayo nafsi inajisimulia yenyewe mambo ya mchana. Na hata ile ya kheri haiwezi kuhalalisha haramu. Mtu akiota anaambiwa aache swala, hana haja ya mfasiri. Ajue tu ameota vibaya.

Bibi yangu alipoposewa binti yake wa mwisho aliswali istikhara. Rakaa mbili, dua, kisha akalala akingoja aonyeshwe. Siku saba hakuota kitu, akaingiwa na hofu kwamba amenyimwa jibu. Mwalimu wa chuoni ndiye aliyemtuliza: istikhara ni kumwachia Mungu jambo, hakuna sharti la ndoto; tazama kama njia inafunguka au inaziba. Posa ikapokelewa. Lakini bibi, mpaka anakufa, aliamini kwamba usiku wa nane, baada ya mwalimu kuondoka, alionyeshwa. Aliyoonyeshwa hakutuambia. Nadhani kunyamaza huko nako kulikuwa ungo, maana mtu anayeuza alichokiona hutafuta wanunuzi.

Kuna walionyamaza kwa kulazimishwa. Imam al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, pengine kiti cha elimu chenye heshima kuliko vyote vya zama zake. Mwaka 1095 ulimi wake ulifunga darasani, asiweze kufundisha. Akaacha cheo akaondoka. Baadaye aliandika kwamba kuna ujuzi wa kuonja, dhauki, ambao vitabu haviutoi: kujua maana ya afya ni jambo moja na kuwa na afya ni jingine. Mfano huo haukumfanya aitupe sharia. Aliyeonja alirudi kuwaambia waonjaji wenzake kwamba kuonja kusikowaongoza kwenye wajibu ni ulevi.

Huku kwetu mjadala huo bado ni mbichi. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, aliieneza tarika ya Qadiriyya mpaka Unguja na bara. Bagamoyo ikapata Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa, akaja kuwa mwanachuoni na khalifa wa tarika, akafariki 1931. Katika zikri zao mtu huweza kupotelewa na nafsi yake. Wapo masheikh, na wengine naamini wamo humu ndani, wanaosema dufu na kuyumba ni bidaa. Siwaamui. Nasema tu kwamba nilichoshuhudia Bagamoyo kwa macho yangu ni khalifa akimshika begani kijana aliyeanguka katika zikri, na alipozinduka swali la kwanza aliloulizwa ni kama ameswali isha.

Wenzetu wa mbali nao hawana mchezo. Mwanafunzi wa Zen akimwona Buddha akimng'aria katika tafakuri, mwalimu humwambia aendelee kuhesabu pumzi, kitapita. Na katika Talmud ya Wayahudi kuna kisa cha Rabi Eliezer, aliyebishana na wenzake kuhusu tanuri moja, kama ni safi au najisi. Ili kuthibitisha rai yake mti uling'oka, maji yakarudi nyuma, kuta zikainama, na mwisho sauti ikatoka mbinguni ikisema yeye ndiye mwenye haki. Rabi Yehoshua akasimama akajibu kwamba sheria haiko tena mbinguni. Imekwisha kuteremshwa, na wanaoamua ni wengi waliosoma. Muujiza ukashindwa kwa kura! Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na bado hunichekesha na kunitisha kwa pamoja.

Nije kwa waliookoka. Uamsho wa Afrika Mashariki kwa kawaida huhesabiwa tangu Septemba 1929, Simeoni Nsibambi alipokutana na daktari Mwingereza Joe Church kilimani Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ukawaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya na Tanganyika. Ungo wa walokole haukuwa wa tume. Ulikuwa wa ushirika wa wiki, watu wameketi duara, na kila mtu "anatembea nuruni", yaani anasema dhambi yake hadharani. Ukisema Yesu amekugusa, wanakungoja urudishe.

Kurudisha nini? Mjomba wangu, ndugu wa mama, Mwanglikana wa Muheza, alikuwa karani wa vipande katika shamba la mkonge. Aliandika siku za watu wasiokuwepo akachukua mishahara yao. Alipookoka alitoa ushuhuda uliowaliza watu. Ndugu wakafurahi, na wiki iliyofuata mzee mmoja akamuuliza kwa upole kama amekwenda kwa meneja. Hakuwa amekwenda. Wiki ya tatu akaulizwa tena. Mwezi wa pili aliuza baiskeli, akaenda ofisini na fedha kwenye bahasha, na meneja akamfukuza kazi papo hapo. Mama yangu, aliyesilimu kwa ndoa, alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa hasira, maana mjomba alikuwa na watoto watano. Mjomba alikisimulia akicheka.

Ungo ukikosekana tunajua kinachofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali sana na mpaka wa Rwanda, kundi jingine lilisema Bikira Maria anawatokea viongozi wake. Maaskofu walikataa, kundi likajitenga likajifungia na maono yake. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa lao Kanungu, na miili mingine ikapatikana baadaye kwenye mashimo. Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wamwone Yesu. Nikisikia mtu anasema tusihoji kilichosemwa na Roho, mwili hunisisimka.

Hapa hoja yangu inaanza kuniuma mwenyewe, na sitaki kuwaficha. Ungo pia humwaga mchele. Msufi al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, na Waislamu wengi hadi leo wanamwita walii. Kinjikitile wa Ngarambe alisimuliwa kuwa alizama majini akatoka na nguo kavu. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Ungo wake ukawa risasi, na waliopepetwa ni watu wa kusini. Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa Nkamba, Kongo, Aprili 1921. Mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu kifo mwaka uleule, hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka 18 baada ya kifo chake, kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Nani basi alikuwa na haki ya kumpima? Serikali ya kikoloni ilichukua kazi ambayo ilikuwa ya wazee, wagonjwa na majirani wa Nkamba.

Kwa hiyo, kwa vikundi vya mchana, sitaki mlete shuhuda mnazojivunia. Kila mmoja alete ushuhuda mmoja ambao dini yake iliukataa, aeleze nani alikataa, kwa maswali gani, na kama yeye mwenyewe ameridhika.

Nitaanza mimi. Mwaka alioachishwa kazi, mjomba aliniambia kwamba njiani kwenda kwa meneja, kati ya mikonge, alitembea na mtu mwenye kanzu nyeupe aliyemshikia baiskeli mpaka penye lango. Nilimkumbusha kwamba baiskeli alikuwa ameiuza wiki iliyotangulia. Akafikiri kidogo, akasema, "Ndiyo, nilikuwa nimeiuza." Akaendelea kumenya chungwa lake.