MPIRA WA MSHIPANI NA HATARI YA MAAMBUKIZO KWA WAGONJWA WANAOTIBIWA MAJUMBANI



Wapo wagonjwa ambao matibabu yao hayamalizikii hospitali. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, au mgonjwa wa saratani anayepewa dawa kwa awamu, huweza kurejea nyumbani akiwa na katheta, yaani mpira mwembamba uliopenyezwa katika mshipa mkubwa wa damu hadi karibu na moyo, ukaachwa humo kwa wiki au miezi kadhaa.

Mipira ya namna hii ilianza kuelezwa na madaktari wa Seattle, Marekani, mwaka 1973. Na mwaka 1979 Dk. Robert Hickman na wenzake wakaeleza ulio mpana zaidi. Chini ya ngozi mpira huo una pete ya kitambaa ambayo nyama huota juu yake, ikawa kizuizi dhidi ya vijidudu.

Hata hivyo, kizuizi hicho si kamili. Vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi bila ya kudhuru hupita pale mpira unapoingilia, au katika mdomo wake kila unapofunguliwa. Vikishafika ndani hujijengea utando ambao dawa hupenya kwa taabu. Ndiyo maana mara nyingi daktari hulazimika kuutoa mpira wenyewe.

Kinga yake iko mikononi mwa jamaa wa nyumbani. Anayeushika mpira aoshe mikono kwa sabuni na maji safi kwanza. Mdomo wa mpira usuguliwe kwa spiriti na uachwe ukauke kabla ya kuunganishwa. Shashi ikilowa au kuchafuka, ibadilishwe mara moja kwa namna aliyofundishwa na muuguzi. Mgonjwa asioge baharini wala kuruhusu maji ya kisima kuufikia mpira. Mpira wa kusafishia damu usitumiwe na mtu yeyote kwa sindano nyengine.

La kuzingatiwa zaidi ni homa. Desturi ya zamani ya kudhania kila homa kuwa ni malaria, na kumeza vidonge huku mtu akisubiri, ni ya hatari kwa mgonjwa huyu. Joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi mara baada ya mpira kutumiwa, au pakivimba, pakiuma au kutoka usaha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Damu yake ichukuliwe kwa uchunguzi kabla ya kuanza dawa, na malaria ipimwe vile vile.

Wakuu wa kazi nao wanaombwa wasimzuie mtumishi anayeomba ruhusa ya kumpeleka mgonjwa wa aina hiyo. Saa chache za kazi hufidiwa. Damu iliyokwisha kuingia sumu huweza kuua kwa muda mfupi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.