Maji Hayajui Mpaka wa Shamba

(Mazungumzo na vikundi vya wakulima, akina mama wa bustani na wavuvi wa upande wa Nyando na Kisumu)



Wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi ndugu zetu mliotoka ufukweni, karibuni. Tumewaita pamoja kwa makusudi. Siku nyingi mkulima huwa na semina yake na mvuvi yake. Leo tumekaa mahali pamoja kwa sababu jambo letu ni moja: udongo unaopotea shambani ndio huo huo unaoharibu ziwa.

Tazameni mto Nyando. Unatoka vilima vya Nandi na Tinderet, unapita Muhoroni, unafika Ahero na tambarare ya Kano, kisha unaingia ziwani. Wakati wa mvua ya masika maji yake huwa na rangi ya matofali. Hiyo rangi ni nini? Ni udongo wa juu, ule wenye rutuba, ambao mama aliutia samadi kwa kichwa chake, karai baada ya karai. Na mahali ulipotoka, wengine mnapajua: Nyakach, makorongo kama yale ya Katuk Odeyo yamekula mashamba na malisho.

Udongo huo hausafiri peke yake. Unabeba mbolea, hasa fosifeti iliyoshikamana na chembe zake. Ukifika Ghuba ya Winam, ambayo haina kina kirefu na maji yake hayabadiliki upesi, unakuwa chakula cha gugumaji. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, gugu lilifunika karibu hekta 17,000 za ghuba hii. Mashua zilikwama, samaki wakakosa soko. Fukusi walioachiliwa tangu 1997 walisaidia kulipunguza, lakini baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 gugu lilirudi tena. Fukusi anakula gugu tu. Kuzuia udongo kule mlimani ni kazi yetu sisi watu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tujue mstari wa usawa. Kulima kwa kufuata macho hakutoshi, maana macho hudanganya. Chukueni fito mbili za mita mbili hivi, zifungeni juu, halafu fito ya tatu katikati, zifanane na herufi A. Funga uzi juu, na jiwe mwisho wa uzi. Simamisha, weka alama pale uzi unapogusa fito ya katikati. Geuza miguu, mmoja mahali pa mwingine, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nayo kukata mteremko, kila mguu unapotua kwenye usawa piga kigingi. Hakuna pesa iliyotumika hapo.

Pili, fanya juu. Chimba mtaro kwenye mstari huo, upana sentimita 60 na kina 60, na udongo utupwe upande wa juu, uwe tuta. Acha nafasi kidogo kati ya tuta na mtaro ili udongo usirudi ndani. Juu ya tuta panda nepia. Mtasema, “Shamba letu ni dogo, mtaro unakula nafasi.” Ni kweli, unakula. Lakini nepia ni chakula cha ng'ombe, na mstari unaokaliwa na nepia unalinda mistari yote ya mahindi iliyo chini yake.

Tatu, tufunike udongo. Watafiti wa ICIPE kule Mbita, tangu miaka ya 1990, wamewafundisha wakulima njia ya vuta-sukuma: desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Viwavi wa bua wanapungua, kayongo nayo inapungua, na tone la mvua linaanguka juu ya jani badala ya udongo mtupu.

Nne, kando ya mto tusiguse. Kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni, kulingana na mahali mafuriko yamewahi kufika. Tunajua ndipo sukuma wiki inapostawi wakati wa kiangazi. Lakini ukingo ukishabomoka hautarudishwa na mtu.

Sasa tufike penye uzito. Mtaro wa mtu mmoja unaweza kuwa msiba wa mwingine. Mzee akichimba vizuri kwake, halafu akayafungulia maji yapite chini ya ua wa ojuok, maji yote ya kilima yanaingia kwa jirani kwa njia moja. Hivyo ndivyo korongo linavyoanza. Halafu watu wanaacha kusalimiana.

Kwa hiyo kabla ya jembe kuinuliwa, wenye mashamba ya mteremko mmoja watembee pamoja, kutoka juu mpaka chini. Wakubaliane maji ya ziada yatapita wapi, na njia hiyo ipandwe nyasi. Kazi ianze juu, kwa sababu ukianza chini maji ya juu yatavunja yote. Makubaliano yaandikwe mbele ya wazee wa ukoo na naibu wa chifu. Tangu Sheria ya Maji ya 2002 tunaruhusiwa kuunda vyama vya watumiaji wa maji. Humo mkulima na mvuvi wanaweza kuketi meza moja.

Na jambo la nyumbani. Mama ndiye anayelima, lakini akitaka kupanda mti wa kudumu anaambiwa angoje mzee, maana mti ni alama ya umiliki. Wazee wetu, tunasema kwa heshima: mvua haimngoji mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe. Mzee akitoa neno leo, miche itaingia ardhini msimu huu.

Kitabu cha Mwanzo kinatuambia mtu alipewa bustani kwa kazi mbili, kulima na kuitunza. Ya kwanza tunaifanya kila msimu. Ya pili haiwezekani kwa mtu mmoja.

Kabla hamjaondoka, kila kikundi kichague mteremko mmoja na kiandike majina mawili: nani anakaa juu yenu, na nani anakaa chini yenu. Hao ndio mtaowatembelea kwanza, kabla mvua haijaanza. Nanyi wavuvi, mkiitwa siku ya kuchimba, njooni na majembe.