Sanaa ya Majaribio Barabarani

Sanaa ya majaribio huacha sura zilizozoeleka na kumtaka mtazamaji aitafakari. Ikiwekwa barabarani, humkuta mtu ambaye hakuitafuta, na hapo ndipo mvutano huanza.

Nchini Uganda, mchongaji Gregory Maloba alithubutu mapema. Mnara wake wa Uhuru, uliosimamishwa Kampala mwaka 1962, hauonyeshi kiongozi yeyote: ni mwili uliofungwa, unaomwinua mtoto mwenye mikono juu. Nusu karne baadaye, tamasha la KLA ART lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 kazi zilionyeshwa katika makontena 12 jijini. Mwaka 2014 wasanii waligeuza bodaboda kuwa sanaa inayotembea. Wazo hilo la pili lilikuwa bora, kwani bodaboda ni chombo cha kila siku cha raia.

Wilayani Kasese, magharibi mwa nchi, mfano unaokaribiana na sanaa hiyo ni duara mbili za zege kwenye mstari wa ikweta, eneo la Kikorongo, inakochepukia barabara ya Bwera na Mpondwe. Hazina sura ya mtu wala mnyama. Hata hivyo msafiri hushuka garini, akasimama ndani ya duara, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, akapigwa picha. Hahitaji mtu wa kumfafanulia.

Katika soko la mpakani Mpondwe, wanakokutana Waganda na Wakongo, kazi ya namna hiyo ingefaa sana, mradi wachuuzi washirikishwe kabla ya saruji kumwagwa, na msanii aachiwe uhuru wa kutompendeza kila mtu.