Nani Atoe Gharama ya Mfereji?



Twataka kunena leo juu ya jambo liletalo ugomvi popote penye mfereji: ukingo ukibomoka, nani atoe fedha za kuutengeneza?

Mto wetu Songwe (yaani ule umwagikao katika Ziwa Rukwa, wala si ule wa mpakani mwa Malawi uendao Nyasa) huteremka kutoka milimani umebeba mchanga na tope. Ufikapo bondeni nguvu zake hupungua, na tope hutuama. Basi mfereji wa nchi tambarare, tope lake lisipotolewa, hujaa, na maji hupasua ukingo mahali palipo dhaifu. Mahali hapo pana shamba la mtu, na jirani zake husema, "Kumebomoka kwake, na atengeneze mwenyewe."

Neno hili si haki, nalo ni la zamani. Huko Uingereza, mwaka 1598, katika kesi iitwayo ya Rooke, wasimamizi wa mifereji walimtoza mwenye ardhi iliyopakana na ukingo wa mto, wakawaacha wengine ambao ardhi zao zingefunikwa na maji yale yale. Mahakama ikakataa, ikasema wote walio katika hatari hiyo watozwe. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wachaga wa Kilimanjaro, katika mifongo yao, waliitana wote siku ya kazi. Asiyekuja alitozwa faini au alinyimwa maji.

Lakini "wote" si kusema "sawasawa". Mjane mwenye nusu eka asitozwe kama mwenye eka kumi. Twaona fedha zihesabiwe kwa eka.

Tena kuna jambo gumu zaidi, nalo halisemwi sana barazani: shamba la kukodi. Mwenye shamba aweza kuwa anakaa Mbeya au Tunduma, na mpangaji analima mpunga msimu mmoja, kisha aenda zake. Kumtoza mpangaji huyu saruji ya ukingo utakaodumu miaka mingi ni kumnunulia mwenye shamba mali kwa fedha ya mtu mwingine. Kwa hiyo kutoa tope, ambalo hurudi kila mwaka, kuwe juu ya anayelima. Saruji, mawe na malango ya maji yawe juu ya mwenye ardhi, hata akiwa mbali.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 yaruhusu watumia maji kufanya jumuiya yao, na yafaa jumuiya hiyo ndiyo ishike fedha. Mwalimu mmoja aandike daftari: jina, eka, kiasi kilichotolewa, nalo lisomwe mbele ya watu wote. Mashamba yapimwe wakati wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, maana mfereji ukisha kupasuka hakuna atakayekubali kwamba ana eka nyingi.