UREMBO WA SIKU YA IDD: UDUMU USONI, USIDHURU NGOZI

(Mada iliyozungumzwa mbele ya akina dada katika kikao cha Ramadhan)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu, nimeombwa nizungumze juu ya mapambo ya Idd. Najua wako watakaosema, "Hilo nalo ni la kuletwa kwenye kikao cha Ramadhan?" Naam, ni la kuletwa. Kumi la mwisho likiingia maduka hujaa, na ndani ya mfuko wa msichana, kando ya dera na viatu, mna krimu, poda na piko. Idd ndiyo siku ya kupiga picha na bibi, mashangazi na binamu waliotoka mbali. Picha hiyo itakaa miaka. Na ngozi yako pia itakaa miaka. Basi tuangalie namna ya kuipamba ile ya kwanza bila ya kuiharibu hii ya pili.

KWANZA: USIANZE NA SUMU

Wiki mbili kabla ya Idd, wengi wetu hukimbilia mkorogo ili "tung'ae kwenye picha". Dada yangu, hebu nisikilize. Krimu nyingi za kujichubua huwa na zebaki, hidrokwinoni au dawa kali za steroidi ambazo daktari peke yake ndiye wa kuziandika. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huharibu figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, ikipigwa na jua inawaka.

Hapa Kenya krimu zenye zebaki na hidrokwinoni zilipigwa marufuku zamani, lakini zinauzwa kichinichini. Ulimwengu nao umeamka: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka krimu za kujichubua zenye zebaki kupita kiwango kidogo sana ziondolewe ifikapo 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba hata kiwango kile kidogo kisiruhusiwe, mwisho 2025. Kwa hivyo kopo lisiloandikwa vilivyomo ndani yake, liache dukani.

Na hiyo picha yenyewe, je, itapendeza? Wapi! Flashi ikipiga, uso unakuwa wa Fanta na vifundo vya vidole vinabaki vya Coca. Kamera haifichi siri.

PILI: PIKO NA WANJA

Hina ya majani kwa wengi haina shida. Rangi yake huanza kama chungwa, ikakolea mpaka kahawia baada ya siku moja au mbili, kwa hivyo ipake siku mbili kabla ya Idd. Piko ni jambo jingine. Weusi ule unaokolea kwa muda mfupi hutoka kwenye rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Wako wanaotoka malengelenge mikononi, kisha yale maua yanabaki kama kovu. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, huenda ukaikataa maisha yote, hata katika rangi ya kawaida ya nywele. Watoto wadogo msiwapake kabisa.

Vivyo hivyo wanja wa unga usiojulikana ulikotoka. Baadhi yake huwa na risasi nyingi, yale madini. Mtoto hujisugua macho kisha akatia vidole mdomoni. Uzuri wa mtoto siku ya Idd ni nguo safi na tabasamu, yatosha.

TATU: MAPAMBO YANAYODUMU

Siri si kupaka mengi, siri ni kupaka kidogo kidogo. Joto la pwani halina mchezo, na tabaka nene ndilo linalopasuka mapema.

Osha uso, paka losheni nyepesi, kisha ngoja kama dakika kumi iingie. Ndipo upake fondesheni, tabaka jembamba, ukibonyeza kwa sponji yenye unyevu. Usichague rangi kwa kujaribu nyuma ya mkono. Jaribu kwenye taya, ukiwa nje kwenye mwanga wa mchana. Rangi ikipotea isionekane, hiyo ndiyo yako. Poda ibonyeze kwenye paji la uso, pua na kidevu tu.

Rangi ya mdomo: futa mafuta yote mdomoni, paka mara moja, bana tishu katikati ya midomo, kisha paka tena. Hivyo itastahimili kahawa. Biriani yenye samli sikuahidi!

Ukitoka jasho, usirundike poda juu ya jasho, utapata mabaka. Bonyeza kwa tishu kwanza. Na kipodozi kipya usikianze asubuhi ya Idd. Kijaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla.

NNE: KAMERA

Kuna dada hujiona mzuri kwenye kioo, picha ikija uso ni mweupe kama amemwagiwa unga. Manake ni nini? Krimu nyingi za kuzuia jua na baadhi ya poda nyeupe hurudisha mwanga wa flashi. Dawa ni rahisi: usiku wa kuamkia Idd jipake kidogo, mwambie dada yako akupige picha moja kwa flashi. Utajua mapema.

Jua la saa sita linatia vivuli chini ya macho. Pigeni picha kwenye baraza au chini ya mti, au baada ya Alasiri jua likishalegea.

TANO: SWALA NA STARA

Mapambo yasiyotoka kwa maji yana hesabu yake. Wanavyuoni wanatufundisha kuwa kitu chenye utando unaozuia maji kufika kwenye ngozi lazima kiondolewe kabla ya udhu. Hina ni rangi tu, haina utando. Maskara isiyoingia maji na rangi ya kucha zinao. Basi panga siku yako: tia udhu kwanza, ndipo ujipambe. Na kama udhu umetenguka na Adhuhuri imeingia, safisha uso bila kusikitika. Mafuta ya nazi huyeyusha kila kitu, kisha malizia kwa sabuni. Picha inangoja, swala ina wakati wake.

Jambo la mwisho, na ni zito. Ndani, kati yetu wanawake, tunavua buibui na mitandio tukapigana picha. Dada mmoja anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya Magharibi imefika kwa watu wasiojulikana. Ile picha ni amana. Muulize kila aliyemo kabla ya kuituma, na akisema hapana, iishie hapo.

Dada zangu, albamu ya Idd siku moja itafunguliwa na wajukuu. Waache wauone uso wako mwenyewe, wenye rangi aliyokupa Mola wako, waseme, "Huyu ndiye bibi, nami nimefanana naye."

Wabillahi tawfiq. Idd Mubarak.