Stesheni ya Same na Mji Ulioota Kando ya Reli

Matini ya mhadhara kwa wakazi wa kata zinazopitiwa na reli



Miongoni mwa kata za Wilaya ya Same ipo moja iitwayo Stesheni. Kijana aliyezaliwa humo katikati ya miaka ya 1990 alikua, akasoma, akapiga kura na pengine akaoa kabla ya kuliona garimoshi la abiria likisimama mahali palipoipa kata yake jina. Kwa zaidi ya miaka 20 jina lilibaki na huduma haikuwepo. Katika muda huo mambo mengi yalisahaulika, na mengine yalijengewa juu. Mhadhara huu unaeleza stesheni hiyo ilitoka wapi, iliufanyia nini mji, na kwa nini habari zake zinamhusu hata mkazi ambaye hajawahi kupanda behewa.

Kabla ya reli, Wapare waliishi juu. Mbaga, Chome, Suji, Vudee na Mamba ndiko kulikokuwa na mvua, chemchemi, migomba na ndiva za kukusanyia maji ya kumwagilia. Tambarare ya chini ilikuwa kame na yenye homa, na katika karne ya 19 ilikuwa pia na hatari ya kutekwa. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Pangani na Tanga kuelekea Kilimanjaro ilipita miguuni mwa milima, ikanunua chakula na kuendelea. Wala chuma hakikuwa kigeni katika nchi hii: wahunzi wa Ugweno walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma kwa vizazi vingi, na majembe na silaha zao ziliuzwa hadi Uchagani. Chuma kilichokuja baadaye kutoka Ulaya, kikiwa kimenyooshwa na kulazwa chini, kilikuta watu wanaokifahamu.

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, chini ya kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, na fedha zikaisha. Serikali ya kikoloni ilichukua kazi hiyo mwaka 1899. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Umbali wote kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352, juu ya reli yenye upana wa mita 1, upana uleule uliopo hadi sasa. Ilichukua miaka 18 kuumaliza umbali ambao basi la leo huukata kati ya asubuhi na jioni, na bado likapata nafasi ya kusimama njiani abiria wale. Same ipo kati ya Buiko na Moshi, hivyo mataruma yake yalilazwa katika kipindi cha mwisho cha ujenzi, kati ya mwaka 1909 na 1911.

Wahandisi waliipitisha njia upande wa magharibi wa milima, katika tambarare iliyo kati ya safu ya Upare na Mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu. Sababu ilikuwa nyepesi. Garimoshi haliwezi kupanda mteremko mkali, na huko ardhi ni sawa. Lakini uamuzi huo uliopimwa kwa kamba na darubini ulipanga upya nchi nzima ya Wapare. Gonja, Kisiwani, Ndungu na Kihurio, zilizo mashariki, zilijikuta nyuma ya mlima. Lembeni, Same, Makanya na Hedaru zikapata stesheni. Same ikapata na zaidi, kwa kuwa hapo ndipo safu ya milima inapoacha upenyo, na njia ya kuzunguka kwenda Kisiwani, Gonja na Ndungu huanzia hapo. Mzigo wa mashariki uliotaka kuifikia reli upande wa kaskazini ulilazimika kupita Same. Mahali ambapo mkulima wa milimani asingejenga hata kibanda cha kulindia ndege pakawa mahali pa duka, ghala na posta.

Inafaa kueleza stesheni ilikuwa inafanya kazi gani, maana vijana wengi hudhani ni kituo cha mabasi kilichowekewa reli. Njia ni moja. Magarimoshi mawili yanayokutana hayana pa kupishana ila stesheni, penye reli ya pili ya pembeni. Mkuu wa stesheni ndiye aliyeruhusu garimoshi kuondoka, baada ya kuhakikishiwa na mwenzake wa stesheni inayofuata kwamba njia ni tupu. Kosa lake moja lingeweza kuua watu. Tena injini za wakati ule zilikuwa za mvuke, na katika nchi kavu kama hii maji ya injini yalikuwa hesabu ya kila safari. Kwa hiyo penye stesheni palihitajika watu wa kudumu: wa ishara, wa tiketi, wa mizigo, wa matengenezo ya njia. Watu wa kudumu huhitaji nyumba, nyumba huhitaji soko, na soko huita watu wengine. Mji wa Same uliota hivyo.

Vita Kuu ya Kwanza iliupitia mji huu ukiwa bado mchanga. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kufuata reli na Mto Pangani, na Wajerumani waliorudi nyuma walivunja madaraja na kung'oa reli ili kuwachelewesha. Mwaka huohuo Waingereza waliunganisha njia yao ya kijeshi kutoka Voi na reli hii pale Kahe. Tangu hapo mizigo ya Kilimanjaro ikawa na bandari mbili za kuchagua, Tanga na Mombasa, na kwa muda mrefu Tanga ililalamika kunyang'anywa riziki yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Upare ulifanywa wilaya inayojitegemea, na makao makuu yakawekwa Same. Mtawala hupenda kukaa mahali barua na askari vinapofika kwa wepesi. Uchaguzi huo ulimrudia mwenyewe. Mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani kuipinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, nao hawakwenda kulalamika kwa watemi wao. Walikuja Same, wakaketi na kukataa kuondoka, na mkusanyiko huo ukaendelea kwa miezi. Baadaye kodi hiyo ilifutwa. Anayetaka kuuonyesha ugeni mahali penye historia katika mji huu asianze kwa kutafuta mnara. Awaonyeshe ardhi yenyewe iliyo kati ya boma na stesheni.

Mizigo ya reli ilikuwa ya kawaida, na kwa sababu hiyo haikumbukwi ipasavyo: kahawa iliyoteremshwa kutoka milimani, mkonge wa mashamba ya tambarareni, jasi ya Makanya inayohitajika viwandani kutengenezea saruji, nafaka katika miaka ya njaa. Abiria walikuwa vibarua, wanafunzi, wagonjwa, na wafanyabiashara wenye matenga. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu ya Pwani, na kwa mara ya kwanza mtu wa Same aliweza kupanda behewa nyumbani kwao akashuka Dar es Salaam.

Mteremko ulianza miaka 14 baadaye. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na kipande cha Kahe kwenda Voi kikapoteza kazi yake. Shirika jipya la taifa lilirithi njia ndefu na vifaa vichache, huku barabara ya lami ikipita sambamba na reli, karibu kiasi cha abiria wa basi kuyahesabu mataruma. Ushindani wa namna hiyo haukuwa na usawa. Katikati ya miaka ya 1990 huduma ya abiria kwenye njia hii ilikoma, na baadaye mizigo nayo ikanyamaza.

Reli isiyopitiwa na garimoshi hugeuka kuwa uwanja. Ng'ombe walilala juu yake, nyasi zikaota kati ya mataruma, wezi wa vyuma chakavu wakajihudumia, na pole pole vibanda, mabanda ya mifugo na hata nyumba vikasogea. Kisha, mwaka 2019, Shirika la Reli Tanzania lilipoifufua njia hii kwa kutumia wataalamu wake, garimoshi la mizigo lilirudi, na mwezi Desemba mwaka huohuo abiria wakasafiri tena kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Mwaka uliofuata safari zikafika Arusha. Kwa wazee ulikuwa urejeo. Kwa aliyejenga jiko lake hatua 10 kutoka kwenye chuma, ilikuwa habari ya namna nyingine.

Hapa panahitaji ukweli wa pande zote. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande kwa maeneo ya mjini na mita 30 kila upande kwa maeneo ya vijijini. Wapo waliovamia wakijua. Wapo pia waliouziwa kwa hati za mkono, mbele ya mashahidi, na watu waliojua fika kwamba wanauza kisicho chao. Mnunuzi wa namna hiyo hupoteza mara mbili: fedha aliyolipa na nyumba aliyoijenga. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi kwa kiwanja kilicho karibu na njia, mkazi apime kwa futi kutoka kwenye reli, kisha aulize ofisi ya ardhi ya halmashauri na stesheni yenyewe. Kuuliza ni bure. Muuzaji anayekasirika akiona futi inatolewa amekwisha kujibu.

Lipo jambo la pili, ambalo halisemwi sana ingawa hugusa nyumba nyingi zaidi. Reli ya Same inapita miguuni mwa milima, yaani inakata mdomo wa kila korongo linaloshuka. Wajenzi waliinua tuta la udongo na kokoto, na chini yake wakaacha makalavati na madaraja madogo ili maji ya mvua za ghafla yapite kwenda Ruvu. Kalavati likiwa wazi, tuta ni njia ya garimoshi. Likizibwa na takataka, matope ya mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa korongo, au uzio wa mtu, tuta lilelile huwa bwawa, na maji hurudi kwenye nyumba zilizo upande wa mlimani. Yakizidi, hulipasua tuta, na hapo wa upande wa pili nao hupata sehemu yao, na safari za garimoshi husimama. Mvua inayojaza korongo huenda imenyesha Chome au Suji wakati Same jua linawaka, kwa hiyo aliye chini haoni wingu la kumwonya.

Shirika lina wajibu wa kutunza miundombinu yake. Lakini taka zinazoziba hazikuletwa na garimoshi, na wenyeviti wa vitongoji wanazifahamu njia zinakopita kuliko mhandisi anayetoka mbali. Kila kitongoji kinachopakana na reli kina makalavati yake, nayo yanahesabika. Yakaguliwe kabla ya vuli na kabla ya masika, na penye kuziba taarifa ifike kwa mtendaji wa kata na stesheni ikiwa imetaja mahali hasa. Taarifa ya kwamba "reli imeziba" haimsaidii fundi.

Nao wapo watu wa kuwauliza. Katika wilaya hii bado wanaishi wastaafu wa reli, waliotembea kwa miguu kila asubuhi wakikaza boliti na kusafisha mitaro katika vipande vya njia walivyokabidhiwa. Wanajua kalavati lipi lilikuwa likifurika kwanza, na daraja lipi lilihamishwa na kwa nini. Wengi wao ni wazee sana. Mikutano ya vitongoji ya kabla ya vuli iwaalike waje na fimbo zao, waongozane na vijana kando ya tuta, nje ya njia na kwa idhini ya stesheni, na mtendaji wa kata aandike watakachoonyesha.