Uvimbe wa Kano za Kifundo cha Mkono kwa Wasusi na Mafundi Cherehani wa Ngarenaro, Arusha

Kano ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Kwenye kifundo cha mkono, kano hupita ndani ya ala zenye utelezi. Mwendo uleule ukirudiwa mara maelfu, ala huvimba, njia hubana, na kila msogeo huuma. Aina inayojadiliwa hapa ni ya upande wa kidole gumba, iliyoelezwa mwaka 1895 na Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi. Kuipima hakuhitaji mashine: kidole gumba hukunjwa ndani ya ngumi, kisha ngumi huinamishwa taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali chini ya kidole gumba huashiria ugonjwa huu. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huelekeza kwenye neva iliyobanwa, na matibabu yake ni mengine.

Chanzo huonekana wazi kwa anayetazama mikono ikiwa kazini. Msusi wa rasta ndogo hubana nywele kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, huzikaza na kupindua kifundo, kisha hurudia hivyo kutwa nzima, kichwa cha mteja kikiwa chini ya usawa wa viwiko vyake. Fundi anayekata sare za shule hupanga kitambaa tabaka kadhaa na kukipitishia mkasi mzito. Pete ya mkasi hugandamiza shina la kidole gumba, na mkasi ukiwa butu nguvu huongezeka kwa kila mkato. Desemba na Januari, wazazi wanapotaka sare kabla shule hazijafunguliwa, mikono hiyo haipati hata nusu siku.

Tatizo linalostahili nafasi kubwa hapa ni agizo la kupumzika. Mgonjwa huambiwa auache mkono utulie wiki tatu au zaidi. Agizo ni sahihi kitabibu, lakini msusi hulipwa kwa kichwa na fundi kwa nguo, na kodi ya kibaraza haisubiri. Anayepewa agizo hilo bila maelezo mengine hurudi kazini kesho yake. Nyumbani huambiwa mkono umeteguka, hivyo hupelekwa kuchuliwa. Mchuaji hukandamiza palepale palipovimba, na ala huzidi kuumia. Baadaye hufuata vidonge vya diklofenaki vya dukani, ambavyo hupunguza maumivu kiasi cha kumwezesha kusuka vichwa vingine viwili. Ala iliyougua miezi mingi mara nyingi imekuwa nene, na vidonge haviondoi unene huo. Vikitumiwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo. Ni vigumu kumlaumu mgonjwa kwa mlolongo huu. Kosa ni kutibu mkono na kuiacha kazi kama ilivyo.

Sheria nayo humwacha nje mgonjwa huyu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imejengwa juu ya mwajiri anayechangia, na fundi anayejiajiri hana mwajiri. Hata hivyo, orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 inautaja ugonjwa huu waziwazi.

Inapendekezwa kwamba mapumziko yapimwe kwa dakika badala ya wiki pale ambapo wiki haziwezekani: dakika chache baada ya kila nusu saa, vidole vikiwa vimelegea. Mteja aketi juu zaidi, au msusi akalie kigoda, ili kifundo kisipinde. Mkasi unolewe kabla ya msimu wa sare, pete yake izungushiwe kitambaa laini, na tabaka zipunguzwe. Wasusi wawili washirikiane kichwa kimoja, mwenye maumivu akipewa kufumua na kuosha, mradi kazi hizo zisimuumize. Gango linaloshika kidole gumba na kifundo livaliwe usiku na saa zisizo za kazi, hata kama mchana haliwezekani. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika kumi baada ya kazi. Kuchua mahali palipovimba kuachwe kabisa.

Wahudumu wa afya wamuulize mgonjwa analipwaje kabla ya kuandika mapumziko. Maumivu yakizidi wiki sita, apelekwe hospitali ya rufaa, ambako sindano ya steroidi ndani ya ala husaidia wengi. Aelezwe mapema kwamba ngozi ya mahali hapo inaweza kupauka na kwamba sindano za mara kwa mara hudhoofisha kano. Upasuaji mdogo wa kupasua ala hubaki kwa wasiopona.

Vikundi vya kuweka na kukopa vifikirie mfuko mdogo wa mikono inayougua, ili mwanachama aweze kuacha mkasi bila kuacha kodi. Pendekezo la kupumzika dakika chache kila nusu saa linarudiwa hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndilo lisilogharimu fedha na ndilo linaloachwa kwanza wateja wanapokuwa foleni. Kwa hiyo lianze kufundishwa kwa wanagenzi, siku wanapopewa mkasi au kichwa cha kwanza.